Hoja Sita Hazitoshi: Mazungumzo na Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza Kuhusu Insha ya Chuo Kikuu

Mheshimiwa Amidi, wahadhiri wenzangu, viongozi wa serikali ya wanafunzi, nanyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao kwa ajili yenu tumekusanyika asubuhi hii: hamjambo, na karibuni sana. Mliosimama kule nyuma, viti vya mbele viko wazi. Hakuna atakayeulizwa swali kwa kosa la kukaa karibu nami.

Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu uandishi wa insha za kitaaluma. Najua wengi wenu mnajiuliza, huyu naye anatufundisha nini tena? Mmetoka kidato cha sita. Mmeandika insha za Historia, za Jiografia, za Kiswahili na za GS (General Studies) mpaka vidole vikaota sugu, na mmefaulu, la sivyo msingekuwa ukumbini humu. Kwa hiyo siji kuwaambia kwamba hamjui kuandika. Mnajua, ila mnajua aina moja ya insha, na aina hiyo ndiyo itakayowaletea C za muhula wa kwanza huku mkiulizana kwenye grupu la wasapu, jamani, kwani nimekosa nini?

Aina yenyewe mnaifahamu kuliko mimi. Utangulizi: fasili ya maneno makuu ya swali. Kiini: hoja sita, kila hoja na aya yake, sentensi ya kwanza inaitaja, mbili zinaieleza, moja inatoa mfano. Hitimisho: "Licha ya sababu zilizotajwa hapo juu, zipo sababu nyingine nyingi." Msahihishaji anapita na kalamu nyekundu akitia vema: moja, mbili, tatu, mpaka sita. Sina ugomvi na utaratibu huo. Mtu mwenye rundo la karatasi za mtihani wa taifa mbele yake, na siku za kuzimaliza zinahesabika, lazima apewe kitu kinachohesabika. Lakini hapa hatuhesabu hoja. Hapa anayekusoma anataka kujua unasema nini kuhusu swali aliloliuliza, na kama ulichosema kinasimama kikisukumwa.

Haya yakibaki hewani hayatawasaidia, kwa hiyo tuchukue swali moja tukae nalo. Nimechagua ambalo kila aliyesoma Historia katika nchi hii amewahi kulijibu: Jadili vyanzo vya Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Ni vita ambavyo watu wa kusini mwa nchi yetu walipigana na utawala wa Wajerumani. Mliosoma Uchumi na Sosholojia msinune, litawahusu pia.

Jibu mnalo. Kodi. Kazi za shuruti. Kilimo cha pamba. Ukatili wa maakida, wale maofisa waliosimamia maeneo kwa niaba ya Wajerumani. Kupotea kwa uhuru wa watawala wa jadi. Imani katika dawa ya maji, iliyosemwa kuwa itazuia risasi za Wajerumani. Sita hizo, na naona wengine mlikuwa mnazitaja kimoyomoyo kabla sijamaliza. Hakuna hata moja iliyo ya uongo. Sasa tuzisukume.

Kodi ya nyumba ilianza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898, na haikutozwa kusini peke yake. Wanyamwezi walilipa, Wasukuma walilipa. Mbona kwao hakukulipuka mwaka 1905? Pamba: ni kweli kwamba mashamba ya pamba ya pamoja yalianzishwa kuanzia mwaka 1902, na ni kweli kwamba watu wa Matumbi, karibu na Kilwa, walipoanza uasi walianza na pamba yenyewe, wakaing'oa. Lakini Wangoni wa Songea, walioingia vitani Septemba 1905 na ambao viongozi wao walinyongwa Februari 1906, hawakuwa na mashamba hayo. Ukatili wa Wajerumani na kupotea kwa uhuru: kama ndiyo sababu, basi wa kwanza kunyanyuka wangekuwa Wahehe. Walipigana na Wajerumani miaka mingi mpaka mtawala wao Mkwawa alipojiua mwaka 1898, na kichwa chake kikachukuliwa. Nani alikuwa na kisasi kuliko wao? Hata hivyo, kwa sehemu kubwa Wahehe hawakuingia vita vya Majimaji, na wako waliopigana upande wa Wajerumani.

Sijaleta siri yoyote ya chumba cha kumbukumbu. Nimechukua hoja zenu zilezile nikauliza kila moja: mbona hapa ndiyo, na pale siyo? Orodha imeanza kutikisika, na ajabu ni kwamba insha sasa imepata kitu cha kusema. Mwanafunzi wa mtindo wa hoja sita akifika hapa huogopa. Huona kama mambo yanamharibikia, akayafukia haraka. Msiyafukie. Alama nzuri zimelala hapohapo.

Tena si ninyi wa kwanza kugota hapo. Wanaoandika juu ya vita hivi wamekuwa wakibishana tangu majivu hayajapoa. Gavana wa Kijerumani von Götzen, aliyekuwa madarakani vita vilipozuka, alitoa kitabu chake mwaka 1909. Kwake yeye lawama ni ya waganga na ushirikina, na sera zake zinatoka zikiwa safi. Mtashangaa? Mwaka 1967 John Iliffe, aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, aliandika makala akidai kwamba vita havikuwa kitu kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Vilianza kama hasira ya wakulima dhidi ya pamba, vikaenezwa na imani ya maji ambayo iliwaunganisha watu wasiokuwa na mtawala mmoja, na vilipofika nyanda za juu vikashikwa na uongozi wa kikabila wa zamani. Miaka 30 baadaye, mwaka 1997, Thaddeus Sunseri akaandika kuhusu Uzaramo, nchi ya Wazaramo karibu na Dar es Salaam. Yeye akaangalia njaa, nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mazao, wanaume walioondolewa kwenda kufanya kazi za wakoloni, na wanawake waliobaki na mashamba. Akasema kwamba hadithi ya taifa zima lililosimama kama mtu mmoja imefunika mambo mengi ya nyumbani.

Na katikati ya hao, mwaka 1968, wako wanafunzi. Natamani mlisikie hili vizuri. Wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, wakati ule chuo kikiwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini kusini wakawahoji wazee waliokuwa hai vita vilipopiganwa. Fanyeni hesabu: mtoto wa miaka 12 mwaka 1905 alikuwa mzee wa miaka 75 mwaka 1968. Wangechelewa kidogo tu, sauti zile zingekwenda kaburini. Kazi yao inanukuliwa hadi leo na maprofesa wa Ulaya na Marekani. Walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, kama ninyi, wakiwa na daftari na kalamu. Mtu asije ofisini kwangu kuniambia, "Mwalimu, mimi ni fest yia, nitakuwa na maoni gani?"

Sasa tushuke mpaka kwenye aya, maana maneno makubwa hayaandiki insha. Nitawasomea aya niliyoitunga mwenyewe kwa ajili ya leo. Nadhani mtamtambua mwenye mwandiko.

"Hoja ya tatu ni kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Wajerumani waliwalazimisha Waafrika kulima pamba bila malipo. Jambo hili liliwaumiza sana Waafrika na kuwafanya waanzishe Vita vya Majimaji. Kwa mfano, huko Matumbi Waafrika walilazimishwa kulima pamba."

Mnacheka. Haya, tuipasue. Mfano wa mwisho unarudia dai la mwanzo, umeongezewa jina la mahali tu. Huo si ushahidi. "Waafrika" ni akina nani? Maakida wengi waliosimamia shuruti hiyo nao walikuwa watu wa pwani. "Bila malipo" si kweli. Malipo yalikuwapo, ila yalikuwa madogo kiasi kwamba wako waliokataa kuyapokea. Na hebu fikirini: mtu maskini anayeukataa ujira wake anakueleza mengi kuhusu hasira yake kuliko mtu ambaye hakulipwa kabisa. Mwandishi alikuwa na ushahidi mzuri mkononi, akauacha kwa sababu ya kukariri. Halafu tarehe hakuna. Jina hakuna. Na "hoja ya tatu" ni ya tatu kwa nini? Ihamishe iwe ya tano, insha haitajua kwamba kuna kitu kimehama.

Sikilizeni nyingine.

"Pamba inaeleza vita vilikoanzia kuliko inavyoeleza vilikofika. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilifungua mashamba ya pamba ya pamoja pwani na maeneo ya jirani, yakisimamiwa na maakida na majumbe (wakuu wa vijiji), kwa ujira uliokuwa mdogo hata baadhi ya watu wakaukataa. Kwa hiyo si jambo la bahati kwamba tendo la kwanza la uasi katika milima ya Matumbi, Julai 1905, lilikuwa kung'oa pamba. Lakini kufikia Septemba vita vilikuwa vimewafikia Wangoni wa Songea, ambako mashamba hayo hayakuwapo. Kilichotoka Matumbi hadi Songea si pamba, na sharti kitafutwe kwingine."

Urefu haukuongezeka sana. Angalieni ilivyofanya kazi. Sentensi ya kwanza haitaji mada. Inasema jambo ambalo mtu anaweza kulipinga. Pima hivyo kila sentensi inayofungua aya yako: je, yuko mtu mwenye akili zake anayeweza kusema "mimi sikubali"? Kama hayupo, hujadai kitu. Kisha unakuja ushahidi, wenye mwaka na mahali. Kisha "kwa hiyo", yaani mwandishi hakutuachia ushahidi mezani tuuchambue wenyewe, amesema unathibitisha nini. Kisha "lakini", na hapo anajipinga mwenyewe kabla sijampinga. Wengi mnaogopa kuandika kinachokwenda kinyume na dai lenu, mkidhani msomaji hatakijua. Msomaji wenu anakijua. Amekisoma kabla hamjazaliwa. Ukikitaja wewe, unapata heshima. Akikutajia yeye pembeni mwa karatasi, umekwisha.

Na sentensi ya mwisho? Imetupa njaa ya aya inayofuata. Tunataka kujua hicho kilichosafiri. Itakuwa aya ya Kinjeketile wa Ngarambe, mganga aliyeitoa dawa ya maji, ya watu waliokwenda kwake kuchukua dawa, na ya wajumbe waliosambaza maji kutoka nchi moja hadi nyingine hata baada ya yeye kunyongwa Agosti 1905. Ukiihamisha aya ya pamba hapo ilipo, insha itavunjika. Hiki ni kipimo rahisi ambacho hamhitaji mwalimu kukifanya: chapisha insha yako, ikate aya kwa aya kwa mkasi, zichanganye, umpe mwenzako wa chumbani azipange. Akishindwa kujua ipi inafuata ipi, au zikikaa sawa kwa mpangilio wowote ule, umeandika orodha.

Utangulizi. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Nimeshasoma tangulizi nyingi zinazoanza na "Afrika ni bara lililotawaliwa na wakoloni kutoka Ulaya", zikapitia Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, zikashuka Zanzibar, zikamaliza ukurasa mzima kabla hazijagusa Kilwa. Ni kama mgeni anayepiga hodi nusu saa huku mlango uko wazi. Ingia. Niambie swali lina ugumu gani, na wewe unasimama wapi. Kwa mfano: "Vita vya Majimaji vimeelezwa mara nyingi kwa orodha ya dhuluma za Wajerumani, lakini dhuluma hizo zilikuwapo pia mahali ambapo watu hawakuasi. Insha hii inadai kwamba dhuluma zilitoa sababu ya hasira, ila kilichoamua nani aingie vitani ni namna maji yalivyopokewa na viongozi wa kila eneo." Basi. Sasa ninajua ninachokisoma, na ninajua pia nitakubana wapi. Mtu mwingine anaweza kudai kinyume kabisa na hayo akapata A. Wanafunzi huniuliza kila mwaka, "Mwalimu anataka msimamo gani?" Mwalimu anataka uwe nao.

Fasili za maneno zina mahali pake, lakini si kila mahali. Kama swali linategemea kama tuite "vita" au "uasi", fafanua, maana hapo pana siasa. Kama unafafanua neno "sababu" kwa kamusi, unajaza karatasi.

Nije kwenye vyanzo, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo mwaka wa kwanza unapowaangusha watu wenye akili kabisa.

Kuna kitu kinaitwa desa. Mtakipata kabla hamjapata vitambulisho vya chuo. Mwenyeji wenu wa mwaka wa tatu atawaelekeza steshenari fulani nje ya geti, mtasema jina la kozi, mtapewa karatasi zilizotolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi zimefifia. Siwakatazi kulisoma, maana najua mtalisoma tu. Nawauliza: limeandikwa na nani? Lini? Alitoa wapi hayo aliyoyasema? Desa halina mwenyewe, kwa hiyo haliwezi kuwa chanzo. Na kosa la tarehe lililoingia humo miaka kumi iliyopita linaendelea kuzaa. Anayesahihisha karatasi sitini huliona kosa lilelile katika arobaini, akajua mliponunua.

Chanzo chenye mwenyewe nacho hakipokelewi kwa kuinamiwa. Rudini kwa von Götzen. Kitabu chake ni ushahidi wa thamani, lakini ni ushahidi wa nini? Anapoandika kwamba waganga ndio waliowachochea watu, hatuna uhakika kwamba ndivyo ilivyokuwa. Tuna uhakika kwamba gavana aliyepata hasara kubwa vile alikuwa na faida ya kusema hivyo. Chukueni idadi ya waliokufa. Takwimu rasmi ya Wajerumani ilikuwa watu 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria Mtanzania aliyetafiti vita hivi kwa undani, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, akiingiza njaa iliyofuata baada ya majeshi kuchoma mazao na maghala. Nimeona insha inayotumia 75,000 ukurasa wa pili na 300,000 ukurasa wa tano, bila aibu wala maelezo. Mwandishi hakuona mgongano kwa sababu hakuwa anasoma, alikuwa anaokota. Ukiweka namba, sema ni ya nani, na alihesabu nini: waliouawa kwa risasi, au na waliouawa kwa njaa?

Na tafadhali, nawaomba sana watu wa Fasihi na watu wa Historia kwa pamoja. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, ni tamthiliya. Ni kazi kubwa na mmeisoma shuleni mkaipenda. Maneno anayoyasema Kinjeketile jukwaani yameandikwa na Hussein. Usiyanukuu kwenye insha ya historia kama ushahidi wa alichosema Kinjeketile Ngwale mwaka 1905. Ukitaka kueleza Watanzania wa miaka ya mwanzo ya uhuru walivyovitazama vita hivi, hapo tamthiliya hiyo ni chanzo cha dhahabu. Chanzo ni kilekile, ila kazi yake imebadilika kwa sababu swali limebadilika.

Mtavipata wapi vyanzo vyenyewe? Maktaba, kwanza, na msione haya kumuuliza mkutubi. Ndiyo kazi yake na wengi wao wanajua kuliko sisi. Jarida la *Tanzania Zamani* lina makala za wanahistoria wa hapa nyumbani. Mtandaoni kuna JSTOR, hazina ya makala za kitaaluma, na kuna AJOL ya majarida ya Afrika. Ulizeni maktaba yenu inaruhusu kuingia wapi kabla hamjalipia chochote. Mkipata makala ya kurasa 30 msianze ukurasa wa kwanza kama mnasoma riwaya. Someni ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, someni hitimisho, mjue mwandishi anadai nini. Ndipo mrudi katikati kuona amelithibitishaje. Saa moja ya usomaji wa namna hiyo inazidi usiku mzima wa kupiga mistari ya kijani kwenye kila sentensi.

Kuhusu kuiba maandishi ya watu. Mtasikia vitisho vingi: programu za kukagua, kamati ya nidhamu, sapu (mtihani wa marudio), kudisko (kufukuzwa masomo). Vyote vipo. Lakini katika niliowahi kuwaita ofisini, wachache sana walikusudia kuiba. Wengi walianguka wakati wa kuandika noti. Mtu ananakili sentensi tatu kwenye daftari, anaongeza mawazo yake mawili chini yake, hakuweka alama yoyote. Wiki tatu zikipita, hajui tena ipi ya nani. Anaziandika zote kama zake. Dawa yake ni ya kizamani: kila unapofungua chanzo andika juu ya karatasi jina, mwaka na jina la makala, maneno ya mwandishi yatie kwenye alama za mtajo na namba ya ukurasa papohapo, mawazo yako yaandike kwa wino mwingine. Mimi mpaka leo natumia wino wa kijani. Na kubadilisha maneno matatu ndani ya sentensi ya mtu hakukupi hatimiliki. Funga kitabu, eleza wazo hilo kama unamweleza mdogo wako, ndipo uandike, na bado umtaje aliyekupa wazo.

Kama idara yenu inataka mtindo wa marejeo wa APA, Harvard au Chicago, fuateni karatasi ya mwongozo mliyopewa, nukta kwa nukta. Hakuna utamu humo na sitawadanganya kwamba upo. Kinachonihusu ni namba ya ukurasa. Ukiandika jina na mwaka peke yake kwenye kitabu cha kurasa 400, umeniambia "katafute mwenyewe".

Akili mnemba. Niliwaona mkiangaliana mkisubiri nifike hapo. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, walimu wako waliopiga marufuku, wako waliokata tamaa, wako wanaojifanya haipo. Mimi nasema hivi: ukikutana na aya ngumu ya Kiingereza ukaiomba programu ikufafanulie, sina neno, mradi urudi kwenye aya yenyewe uhakiki. Lakini iombe ikupe vyanzo kuhusu Majimaji uone. Itakuletea mwandishi wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaoingia akilini, na makala ambayo haijawahi kuandikwa. Nikiitafuta nisiipate, tutaonana, na swali langu litakuwa moja tu: uliisomea wapi? Usiweke kwenye marejeo kitu ambacho hukukifungua kwa mkono wako. Sheria hiyo ilikuwapo kabla ya programu hizi na ingetosha hata zisingekuja.

La lugha nalo, maana linawauma wengi na halisemwi hadharani. Isipokuwa wa idara ya Kiswahili, insha zenu mtaziandika kwa Kiingereza, na wengi mnafikiri kwa Kiswahili. Hakuna ubaya. Pangeni insha kwa Kiswahili: dai lenu, ushahidi, "lakini" yenu, vyote. Bishaneni kwa Kiswahili mabwenini. Mtu asiyeweza kulitetea dai lake kwa lugha anayoiota usiku hataweza kulitetea kwa nyingine. Mkija kwenye Kiingereza, andikeni sentensi fupi. Yale maneno mazito mnayoyatoa kwenye kamusi ili mwalimu aogope hayamwogopeshi, yanamchosha. Na mara nyingi yanaficha kwamba chini yake hamna kitu.

Mwisho, muda. Bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, likiingia na asaimenti ikatolewa wiki hiyohiyo, najua kipi kitaanza. Lakini insha ya usiku mmoja hujulikana: ukurasa wa kwanza ni mzuri, wa nne unakimbia, na dai halisi limejitokeza kwenye aya ya mwisho kwa sababu ndipo mwandishi alipoanza kuelewa anachofikiri. Hilo ni jambo la kawaida kabisa. Hata sisi ndivyo tunavyogundua. Tofauti ni kwamba aliyeanza mapema anaichukua ile aya ya mwisho, anaipandisha juu, anaandika upya kuanzia hapo. Aliyeko kwenye foleni ya steshenari saa nne asubuhi, na mkusanyaji anafunga saa sita, anaichapisha kama ilivyo.

Semina zinaanza Alhamisi. Msiniletee insha. Kila mmoja aje na aya moja, isizidi maneno 200, inayojibu swali hili: kwa nini Wahehe walio wengi hawakuingia Vita vya Majimaji? Iwe na dai ambalo jirani yako anaweza kulipinga, iwe na chanzo kimoja ulichokifungua mwenyewe, na iwe na namba ya ukurasa. Mtabadilishana aya kabla ya kunipa mimi, na atakayeipokea kazi yake itakuwa kutafuta ile "lakini" uliyoiogopa. Orodha ya vikundi imebandikwa kwenye ubao wa idara; ma-CR, yaani wawakilishi wa madarasa, naomba mzipige picha mzirushe kwenye magrupu kabla ya chakula cha mchana. Aliyekosa kikundi aje anione sasa hivi hapa mbele.